Je, Wajua? Kashata, Sungura Anayengoja Kupata Kwao

Je, wajua kwamba sungura akijibwaga ubavu ghafla, miguu ikapaa, jicho likabaki wazi na mwili ukatulia tuli, mara nyingi hana ugonjwa wowote? Ameshiba, ameridhika, na hapo alipo hamwogopi mtu. Mnyama anayewindwa na karibu kila mwenye meno na makucha hathubutu kulala hivyo mahali asipopaamini. Wageni wanaoingia kwangu hapa Oakland, California, hushtuka wakimkuta Kashata amejitupa katikati ya zulia. Mmoja alikwisha anza kunipa pole.

Kashata ni sungura jike wa kilo mbili na ushei, mwenye rangi ya nazi iliyokaangwa na sukari mpaka ikaiva, na ndiyo iliyompa jina. Aliokotwa kwenye bustani ya jiji: sungura wa kufugwa, aliyeachwa ajitafutie. Kwangu yuko kwa muda tu. Namtunza, naisoma tabia yake, namwandikia maelezo, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayotamani kila anayefikiria kuasili sungura ayajue kabla hajaja kugonga mlango.

Je, wajua kwamba desturi ya sungura kuishi sebuleni, akizurura huru na kujisaidia kwenye trei yake kama paka, haina umri mkubwa? Kwa muda mrefu sungura wa watoto wa Marekani na Uingereza alikuwa wa kizimba cha mbao uani, anapelekewa chakula, kisha anasahauliwa. Mwaka 1985 Marinell Harriman wa California alitoa kitabu House Rabbit Handbook, kinachoeleza namna ya kuishi na sungura ndani ya nyumba. Mwaka 1988 yeye na wenzake wakaanzisha House Rabbit Society, shirika la kuwaokoa sungura na kuwatafutia makao, ambalo kituo chake kiko Richmond, jirani kabisa na huku kwetu.

Vikundi vingi vya uokoaji hutegemea walezi wa muda, na sababu yake ni nzito. Kwenye kituo cha wanyama, mbwa wakibweka upande wa pili wa ukuta, sungura hujikunyata kona na tabia yake halisi haionekani. Karatasi aliyokuja nayo Kashata ilisema ni "mpole na mtulivu". Ilikuwa hofu. Alipozoea nyumba, tulimpata sungura mwingine kabisa: mdadisi, mwenye wivu na mali yake, mwepesi wa kununa, na mwepesi zaidi wa kusamehe akisikia jokofu linafunguliwa. Mtu angemchukua kwa ile karatasi ya kwanza, angedhani ameletewa siye.

Je, wajua kwamba sungura hawezi kutapika? Kwamba hupumua kwa pua, na ukimwona anahema mdomo wazi ujue hali ni mbaya? Kwamba hana vinyweleo vya jasho vya kumpoza, hivyo joto jingi hulitoa kupitia mishipa ya damu iliyotandaa kwenye masikio? Siku za joto kali huwa nagandisha chupa ya maji, naizungushia kitambaa na kumwekea. Kashata huiegemea ubavu wote.

Je, wajua kwamba sungura si jamaa wa panya? Zamani waliwekwa kundi moja kwa sababu ya meno ya mbele. Lakini mfunue sungura mdomo wa juu: nyuma ya meno mawili makubwa yamejificha mengine mawili madogo. Panya hana hayo. Mwaka 1912 mwanasayansi wa Marekani, J. W. Gidley, alitetea kwamba sungura na jamaa zake wapewe oda yao wenyewe, na huko ndiko waliko hadi leo.

Meno yake yote ni 28, na yote huendelea kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua sentimita kumi au zaidi kwa mwaka. Nyasi kavu ndizo zinazoyasaga yakabaki na urefu wake, na ndiyo sababu sungura anayelishwa vyakula laini tu huishia kwa daktari, meno ya ndani yakimchoma ulimi na mashavu.

Na waya? Wanaoishi na sungura wataniunga mkono: ataacha kamba, ataacha fimbo, atauendea waya wa chaja. Porini sungura huchimba mashimo, na mizizi inayokatiza njia yake huikata. Waya uliolala sakafuni umekatiza njia yake. Kashata haung'ong'oni kama mtu anayetafuna. Anaupita, kichwa kinainama kwa nukta moja, na nyuma yake kuna vipande viwili vilivyokatwa sawasawa kana kwamba kwa mkasi. Kwa hiyo nyumba ya sungura huandaliwa mapema: nyaya zote zinaingia ndani ya mifereji ya plastiki au zinapanda ukutani, na miguu ya kochi inapewa kinga. Nimeliandika hilo mstari wa kwanza wa maelezo yake, kabla hata ya uzuri wake.

Je, wajua kwamba sungura huandikisha mali kwa kidevu? Chini ya taya ana tezi zinazotoa harufu ambayo pua ya binadamu haiinusi. Kashata amekwisha kusugua kidevu kwenye miguu ya meza, kwenye kiatu changu, kwenye kona za kabati, kwenye kamusi iliyoachwa sakafuni, na kwenye begi la mgeni ambaye hata hakuwa ameketi. Kikapu kipya kikiingia ndani hakipati kupumzika mpaka kiandikishwe. Nikishafanya usafi na sabuni, huanza upya, kitu kimoja baada ya kingine, bila haraka na bila kuruka hata kimoja.

Je, wajua kwamba hicho kishindo, pu! ni taarifa? Sungura akihisi hatari hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma ili wenzake walioko shimoni wasikie. Kashata hulipigia lori la taka. Hupigia pia fataki, paka wa jirani anayepita dirishani, na mara moja kofia yangu mpya ya sherehe. Kinachonigusa ni kwamba akishapiga hukaa wima akinitazama mpaka nijibu. Naenda dirishani, nachungulia, namwambia kwa sauti ya kawaida kwamba nimeona. Hapo masikio hulegea.

Je, wajua kwamba sungura ana kauli nyingi zisizo na sauti? Akikugeuzia mgongo na kukaa hivyo, amenuna. Akiondoka huku anakung'uta miguu ya nyuma kila hatua, amenuna zaidi. Akikusukuma kisigino kwa pua, anataka njia au anataka kubembelezwa, na kosa ni lako usipojua ni lipi. Akiinamisha kichwa mpaka kidevu kigusane na sakafu mbele yako, anaomba umpapase paji la uso. Ukimpapasa vizuri utasikia, tena ukikaribisha sikio, meno yakisagana taratibu sana. Hiyo ndiyo raha yake. Lakini meno yakisagana kwa nguvu na kwa mwili uliokunjamana, hayo ni maumivu, na mlezi asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kumpapasa mgonjwa akidhani anamfurahisha. Sauti kubwa ya sungura ni moja, yowe la hofu kuu, na naomba Mungu usiisikie.

Kashata ana kauli moja ambayo nimeisoma kwa karibu kuliko zote. Ninapoinama kuchukua trei yake ya choo, anakuja mbio na mguno mfupi wa kooni, masikio yamelala nyuma, ananipiga mkono kwa miguu miwili ya mbele, pap-pap, kisha anasimama pembeni akitazama nikiondoka na kitu anachokihesabu kuwa chake. Haumi. Kucha hata hazikwaruzi. Nikirudisha trei safi yenye nyasi mpya, anaingia papo hapo, anachakura, anaangusha gololi mbili tatu katikati kabisa, na anatoka. Kesi imekwisha. Sungura majike wengi wana ukali huu wa eneo. Dawa yake ni kusafisha wakati yeye yuko chumba kingine, na kutoingiza mkono kwenye nyumba yake kumtoa kwa nguvu. Nimesoma maelezo ya sungura wengine walioitwa "wakorofi" kwa hili tu, nikasikitika.

Je, wajua kwamba sungura huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, nyuma na juu pia, lakini kitu kilicho mbele ya pua yake hakioni? Macho yako pembeni mwa kichwa ili yachunge mwewe na mbweha. Mkono unaomjia moja kwa moja usoni hupotea machoni pake, kisha unamgusa, naye anaruka. Mpelekee mkono kutoka upande, juu kidogo ya jicho, na mwache aunuse.

Hapo ndipo watoto wanapohitaji kufundishwa. Familia moja ilikuja kumwona Kashata na binti wa miaka sita hivi, mwenye hamu iliyomjaa mpaka vidoleni. "Anti, naweza kumbeba?" Nikamwambia, "Mwanangu, kaa chini kwanza, uweke mkono sakafuni, umwache yeye aje." Kwa sungura, kunyanyuliwa kutoka juu ni kukamatwa. Isitoshe, mifupa yake ni myepesi mno: kiunzi chote ni takriban asilimia 8 ya uzito wake, wakati cha paka hukaribia asilimia 12 au 13. Juu ya mifupa hiyo kuna misuli ya miguu yenye nguvu nyingi. Akipiga teke la hofu akiwa ameshikwa vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Binti yule alikaa chini, akavumilia, akavumilia tena, mpaka Kashata akaja kumpaka kidevu kwenye goti. Wazazi waliamua kusubiri mtoto akue kidogo, na mimi niliwaheshimu sana kwa uamuzi huo.

Je, wajua kwamba sungura akifurahi huruka na kujipinda hewani? Anatimka mbio, anapaa, kichwa kinaelekea upande huu na kiuno upande ule, miguu ya nyuma inapiga mateke pasipo kitu, anatua, anatimka tena. Nyakati zake ni alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa hafifu, saa ambazo sungura wa porini hutoka kula. Mchana hulala. Mwenye kazi ya mchana atamfurahia jioni, ila apendaye kuchelewa kuamka ajue mapema kwamba saa kumi na moja asubuhi Kashata atakuwa anatikisa uzio wake kwa meno.

Je, wajua kwamba karoti ni peremende ya sungura? Sifa ya sungura na karoti imetiwa nguvu na Bugs Bunny, katuni iliyotoka rasmi mwaka 1940. Karoti ina sukari nyingi, na tumbo la sungura limeundwa kwa nyasi. Takriban asilimia 80 ya chakula chake inafaa iwe nyasi kavu, zisizopungua usiku wala mchana, kisha majani mabichi, na vile vidonge vya chakula cha dukani kwa kipimo kidogo. Kashata hula kotimiri kwanza, rehani ya pili, sukuma wiki ikiwa hakuna budi. Ndizi apewe kipande cha ukubwa wa ukucha. Akinusa ganda la ndizi kutoka chumba cha pili hukimbia mpaka anateleza kwenye sakafu. Parachichi na chokoleti asiguse kabisa, ni sumu kwake.

Je, wajua kwamba sungura hula baadhi ya kinyesi chake, na asipokula huugua? Zipo gololi kavu za kawaida, na vipo vishada laini, vyenye kung'aa, vinavyotengenezwa kwenye utumbo ambako bakteria huchachusha chakula na kutoa vitamini za kundi B na vitamini K. Hivi huvila moja kwa moja vinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Waasili wapya hunipigia simu wakiwa na wasiwasi juu ya jambo hili kuliko mengine yote. Nawaambia wamshukuru Mungu, mashine inafanya kazi.

Wasiwasi wauweke kwenye jambo jingine. Sungura akisusa kula kwa nusu siku, ni dharura. Tumbo lake halitakiwi kusimama kamwe. Likisimama gesi hujaa, maumivu humzuia kula, na kutokula kunazidi kulisimamisha. Anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Tena, kwa kuwa ni mnyama anayewindwa, huficha ugonjwa mpaka aishiwe nguvu ya kuuficha. Kwa hiyo kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kutazama trei. Gololi kubwa, kavu, nyingi: tunaendelea na siku. Ndogo, chache, au zimeungana kwa nywele: najua hali inabadilika. Mwenye sungura asipojua kusoma trei atakuwa anakisia tu.

Na chunga dawa za nyumbani. Amoksilini inayomponya mtoto, ikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wema wa utumbo na inaweza kumuua. Dawa ya viroboto yenye fipronili, ambayo mbwa hupakwa bila shida, ni hatari kwake. Daktari wa mbwa na paka si lazima awe anawajua sungura. Uliza kabla hujamwasili, si usiku wa ugonjwa.

Je, wajua kwamba katika baadhi ya aina za sungura, zaidi ya nusu ya majike ambao hawajafungwa kizazi hupata saratani ya mfuko wa uzazi wakipita umri wa miaka minne? Ndiyo maana vikundi vya uokoaji huwafanyia upasuaji kabla ya kuwatoa. Kashata alifika kwangu kabla ya wake, na tuliona alichokuwa akipitia: alibeba nyasi mdomoni, mafungu makubwa yaliyomfanya aonekane ana masharubu, akajinyofoa manyoya ya kifua na kuyapanga kiota nyuma ya kochi. Hakuwa na mimba. Mwili ulimdanganya, hali inayodumu kama wiki mbili na nusu. Baada ya upasuaji na muda wa kupona mambo hayo yakakoma, akaanza pia kutumia trei bila kukosea.

Mimba ya kweli huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba. Mama huwanyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache, kisha huondoka ili asiwavutie maadui. Huku Marekani kila majira ya kuchipua watu hukuta viota vya sungura wa porini kwenye bustani zao, hawamwoni mama, wakawachukua watoto wakidhani wametelekezwa. Wengi hufa mikononi mwa watu wenye nia njema. Mama alikuwa anasubiri giza.

Je, wajua kwamba sungura wa Pasaka alianza Ulaya? Maandishi ya mwaka 1682 kutoka Ujerumani yanamtaja akileta mayai, na wahamiaji wa Kijerumani wakampeleka Pennsylvania. Leo msimu huo huwatia hofu walezi wote ninaowajua. Watoto hununuliwa kisungura cha mkononi, kinakua, kinabomoa zulia, kinanuna, na ifikapo majira ya joto kinaachwa kituoni au, vibaya zaidi, kinatupwa bustanini kwa imani kwamba "atarudi porini". Hana pori la kurudi. Manyoya meupe au ya kahawia nyangavu humtangaza kwa mwewe, na hajui mmea wa sumu wala shimo la kukimbilia. Kashata alipookotwa alikuwa na sikio lililochanika na kucha zilizopinda. Sikio lilipona, alama imebaki.

California ilichukua hatua. Sheria iliyosainiwa mwaka 2017 na kuanza kazi Januari 1, 2019 iliyataka maduka ya wanyama yatoe mbwa, paka na sungura wanaotoka kwenye vituo na vikundi vya uokoaji tu. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Upande mwingine wa dunia, jimbo la Queensland nchini Australia halimruhusu mtu wa kawaida kufuga sungura hata mmoja, kwa sababu Australia haijasahau wale waliofika mwaka 1859 kwenye shamba la Thomas Austin kule Victoria, wakaachiwa kwa ajili ya kuwindwa, na uzao wao ukatapakaa karibu bara zima.

Je, wajua kwamba sungura wa porini wa kwetu Afrika Mashariki, yule anayekatiza barabara usiku mbele ya taa za gari huko Tsavo au Dodoma, hana undugu wa karibu na Kashata? Yule ni wa jenasi Lepus: hachimbi mashimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kukimbia baada ya muda mfupi. Hawawezi kuzaliana na sungura wa kufugwa. Sungura wote wa kufugwa duniani, wa nyama Kiambu na wa sebuleni Oakland, wanatokana na aina moja tu, Oryctolagus cuniculus, ambaye asili yake ni rasi ya Iberia na kusini mwa Ufaransa. Vitabu vingi vilisimulia kuwa watawa wa Ufaransa walimfuga tangu mwaka 600 kwa amri ya Papa. Mwaka 2018 watafiti walifuatilia simulizi hiyo na kukuta imejengwa juu ya maandiko yaliyosomwa vibaya.

Nyumbani, wengi wetu tulimjua sungura bandani nyuma ya jiko, akiwa mradi wa mtoto wa shule. Nchini Kenya wapo wanaouza hata mkojo wake kama mbolea ya majani. Simlaumu anayefuga kwa kitoweo. Ninachoomba kwa walioko ughaibuni ni kwamba anayeasili sungura wa nyumbani aelewe kuwa mkataba ni mwingine: huyu anahitaji nafasi ya kukimbia, daktari, na miaka.

Miaka mingapi? Sungura anayetunzwa ndani huishi minane hadi kumi na miwili. Flopsy wa Tasmania, aliyekamatwa porini Agosti 1964, aliishi miaka 18 na miezi 10, na rekodi yake ingali inatajwa. Ukubwa nao ni suala: Darius wa Uingereza alipimwa sentimita 129 mwaka 2010, urefu wa mtoto wa shule ya msingi, kisha akaibiwa mwaka 2021. Na kuruka? Sungura aitwaye Yabo aliruka mita tatu kwenda mbele huko Horsens, Denmark, Juni 1999, kwenye mashindano ya kuruka ya sungura, mchezo ulioanzia Sweden. Hapa karibu, uwanja wa ndege wa San Francisco uliwahi kuwa na Alex, sungura mkubwa wa aina ya Flemish aliyeokolewa asichinjwe, akazunguka na walezi wake kuwatuliza abiria wenye hofu ya kuruka.

Je, wajua kwamba kiatu chako kinaweza kumletea sungura kifo? Virusi vya RHDV2, vilivyogunduliwa Ufaransa mwaka 2010, viliingia kwa sungura wa porini wa New Mexico mwanzoni mwa 2020, na mwezi Mei vikawa California. Huishi muda mrefu kwenye udongo na nyasi, hubebwa na inzi, na mara nyingi sungura hufa ghafla bila dalili. Tangu mwisho wa 2021 ipo chanjo ya Marekani: dozi mbili mwanzoni, kisha moja kila mwaka. Kashata amechanjwa. Viatu kwangu vinavuliwa mlangoni, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufundishwa.

Je, wajua kwamba sungura aliye peke yake ni sungura mwenye upungufu? Porini huishi kwa makundi. Wawili waliopatana hulala wamegusana, hulambana masikio, na mmoja akiugua mwingine humkalia karibu. Lakini huwezi kumnunua wa pili ukawatia tundu moja. Watapigana mpaka damu. Wote wawili wawe wamekwisha fanyiwa upasuaji, wakutanishwe kidogo kidogo, mahali pasipo na harufu ya yeyote kati yao. Mmoja akimpandia mwenzake ni kupanga ukubwa, waachie kwa sekunde chache. Wakizunguka mkia kwa kichwa, watenganishe upesi. Mmoja akianza kujisafisha uso mbele ya mwingine, vuta pumzi: hiyo ni dalili njema sana.

Na hiyo ndiyo habari tunayoingojea sasa. Wamejitokeza mume na mke wa Berkeley wenye dume wa kijivu aliyefiwa na mwenzake, anayekula vizuri lakini halali ubavu siku hizi. Wamesoma maelezo yote ya Kashata, pamoja na nyaya, trei na zile ngumi, na swali lao la kwanza lilikuwa anapenda jani gani. Jumamosi wanamleta dume wao. Nitawakutanisha bafuni, taulo limetandikwa sakafuni, kotimiri mafungu mawili, kwa kuwa ndicho chumba pekee cha nyumba hii ambacho Kashata hajakiandikisha.